Mama mkwe kila kitu "naweza", na faili limefungwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkaza mwana, nina miaka 36, kwetu Pangani. Naishi Leicester na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, ambaye namwita Mama kwa sababu tangu niingie nyumba hii hajanitoa chozi. Mama ana miaka 71. Yupo Uingereza tangu 2004 na vibali vyake vya kukaa viko sawa, lakini miaka yote hiyo amelea wajukuu, kwa hiyo Kiingereza chake ni cha kusalimiana na jirani na kununua samaki.

Mwezi wa pili alipata kiharusi kikamshika mkono na mguu wa kushoto. Alilazwa wiki tano. Kule wodini akaja mtu wa OT (occupational therapy), wale wa tiba kwa vitendo, akampeleka kwenye jiko la hospitali na kumwambia atengeneze chai. Akamwekea birika la umeme, kikombe, kipakiti cha majani na maziwa baridi. Shangazi, Mama hajapika chai namna hiyo tangu azaliwe. Chai yake ni ya sufuria, maji na maziwa pamoja, tangawizi ya kutwanga, iliki, na anasimama pale pale mpaka ipande mara tatu. Basi akalishika lile birika, akaliangalia, akaliweka. Akaanza kufungua makabati kutafuta sufuria. Ripoti iliyokuja nyumbani inasema ana shida ya kupanga hatua za kazi na asiachwe jikoni peke yake. Mume wangu aliisoma akakasirika mara mbili: kwanza kwa kuambiwa mama yake kachanganyikiwa, pili kwa kuwa mgonjwa mzima mzima kapikishwa chai.

Aliporudi nyumbani ikaja timu ya kiharusi. OT mwingine, binti mdogo, mpole. Mkalimani hakuwepo, akatumika mwanangu wa miaka 14. Unaweza kupanda ngazi? Naweza. Unaoga mwenyewe? Naweza. Choo je? Naweza, alhamdulillahi. Mimi nilikuwa kazini. Mume alikuwepo na hakusema kitu, ila binti alipomwomba Mama avae blauzi mwenyewe amwone, akamkatiza: imetosha, mama yangu ana watoto wa kumvisha. Wakaja mara mbili tena, wakaandika kwamba anajimudu na familia inamsaidia vizuri, wakafunga faili.

Hajimudu. Mimi ndiye ninayemvisha, na namwogesha kwa beseni chumbani kwa sababu bafu letu ni lile la kuvuka ukingo mrefu. Wiki tatu zilizopita, alfajiri, aliamka kimya kimya akaenda kutia udhu. Akapandisha mguu kwenye sinki kama alivyozoea. Tulisikia kishindo. Hakuvunjika, lakini tangu siku ile ananisubiri mimi nimtie udhu, na nikiwa zamu ya usiku swala ya alfajiri inampita. Analia, haniambii kwa nini. Chakula nacho anakula nusu sahani, nusu ya pili haigusi hata kama ni pweza wa nazi.

Nimepigia timu ile, wakasema faili limefungwa, nijaribu kaunsili, yaani halmashauri ya mji. Mume anasema kaunsili ni foleni tu; binamu yake ni fundi, wiki ijayo atakuja kung'oa bafu na kutuwekea la kuogea wima kwa bei ya kindugu. Nyumba ni ya kupanga.

La pili ni langu mwenyewe. Mimi ni msaidizi wa wauguzi wodini, mwaka wa sita sasa, nina makazi ya kudumu. Siku moja nilimwona OT amekaa na mzee aliyekuwa fundi saa, wanahangaika na kifungo kimoja cha shati kwa dakika ishirini, na kilipoingia yule mzee akacheka kama mtoto. Tangu hapo roho yangu iko huko. Nikimwambia mume anasema umri umekwenda. Wifi anasema, "Yaani ukasomee kufundisha watu wazima kuvaa soksi?" Nina cheti cha form four, Biolojia na Kiingereza nina C, Hisabati nina F na sioni haya. Na mkopo wa riba siutaki. Je, njia ipo, au nimeze ndoto yangu?

Mkaza mwana, Leicester


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na sahani, maana umeitaja kwa sentensi moja na mimi ndiyo iliyonisimamisha. Nusu gani anaiacha? Leo jioni, akishasema ameshiba, izungushe sahani ili ile nusu iliyobaki ije kulia kwake, kisha ukae kimya. Akianza kula upya, basi tatizo si hamu. Kiharusi kilichoshika mkono wa kushoto kimeumiza upande wa kulia wa ubongo, na huko ndiko mara nyingi hutokea mtu akapoteza nusu ya kuona, au macho yakawa mazima lakini ubongo ukawa unaupuuza upande wa kushoto kana kwamba haupo. Kabla sijastaafu nilikuwa msaidizi kwenye timu ya OT kwa miaka kumi na moja, na sahani zilizoliwa nusu nimeziosha nyingi. Angalia pia kama anajigonga bega la kushoto mlangoni, au anasahau mkono mmoja wa gauni. Ukiona hivyo, mpigie daktari wenu wa familia, GP, kesho asubuhi na utumie maneno hayo hayo: anaacha chakula cha upande wa kushoto. (Kama limeanza ghafla juzi na mwanzoni halikuwepo, usisubiri asubuhi, piga 999, namba ya dharura.)

Sasa mnisamehe wewe na mumeo, maana nitaisema vizuri kidogo ile ripoti mliyoichukia. Kumpima mwanamke wa pwani kwa birika la umeme na kipakiti ni sawa na kumpima nahodha wa jahazi kwa kumpa baiskeli. Hapo walikosea, na mna haki ya kuomba apimwe tena. Ila jiko lina mafiga ya kushoto na ya kulia, na kama Mama haoni au haujali upande mmoja, siku moja sufuria la kushoto litawaka na yeye amesimama pale pale. Kwa hiyo ombeni arudiwe kupimwa, nyumbani, kwenye jiko lake, kwa sufuria yake, tangawizi na iliki zake. Akiipika ile chai mpaka ikapanda mara tatu bila kuungua, ripoti itaandikwa upya. Akishindwa, mtajua hasa anashindwa wapi, na huko ndiko kazi ya OT inakoanzia.

Watu wetu wengi hawajaielewa kazi hii kwa sababu ya jina. Wengine wanaita tiba kazi, wakadhani ni kumtafutia mgonjwa ajira, au ni masaji. OT haangalii mkono peke yake. Anaangalia kile ambacho mkono ulikuwa unakifanya: kuvaa, kuoga, kupika, kuswali, kupanda basi kwenda sokoni. Anatafuta namna kirudi, kwa mazoezi, au kwa kubadili jinsi ya kukifanya, au kwa kubadili nyumba yenyewe. Binti alipomwomba Mama avae blauzi hakuwa anamdhalilisha. Alitaka kuona atauingiza mkono gani kwanza. Mkono mgonjwa ndio huingia kwanza wakati wa kuvaa, na ndio hutoka mwisho wakati wa kuvua. Mkifanya kinyume, mtavutana na lile gauni mpaka wote mtoke jasho. Hili unaweza kumwonyesha Mama kesho, mwache afanye yeye, wewe shika pindo tu.

Na hapo ndipo penye neno la mumeo. Mwambie, kwa wakati wake na kwa heshima yake, mkiwa wawili. Kwetu mgonjwa hubebwa, hulishwa, huvishwa, na asiyefanya hivyo husemwa mtaa mzima. Najua. Mimi mwenyewe nilimlisha baba yangu kwa kijiko miezi minne huku mkono wake wa kulia ukiwa mzima, nikiamini navuna radhi, mpaka siku aliponiambia, "Mwanangu, hata tonge hunipi nafasi?" Mkono usiotumika baada ya kiharusi huzidi kuwa mzito. Mama halii kwa sababu ya udhu kukosa maji. Analia kwa sababu ibada yake, ambayo hakuwahi kuhitaji ruhusa ya mtu, sasa inasubiri ratiba yako ya zamu. Hivyo ninavyodhani, wewe uliye naye utajua zaidi.

Tuje kwenye "naweza". Mwanangu, hilo halikuwa jibu, ile ilikuwa adabu. Mtu wa kwetu ana homa ya kutetemeka, ukimsalimia anasema sijambo. Sasa umuulize habari za choo, mgeni akisikiliza, mwanawe wa kiume amesimama, na anayetafsiri ni mjukuu wa miaka 14. Angesema nini? Mkalimani wa NHS, huduma ya afya ya serikali, ni bure, mgonjwa halipi, na mtoto hapaswi kutumiwa kwa kazi hiyo. Unapopanga miadi sema kabla: tunahitaji mkalimani wa Kiswahili, mwanamke, na ikiwezekana aje mwenyewe kuliko kwa simu. Sisitiza hilo la mwisho. Tulikuwa na bibi mmoja wa Unguja, OT akamuuliza ni shughuli gani anatamani sana kuirudia. Bibi akasema, "Nataka nikae kwenye mbuzi yangu." Mkalimani alikuwa kwenye simu, sijui yuko wapi, kijana wa bara. Akatafsiri neno kwa neno. Nilimwona OT wetu anaandika kwenye fomu kwamba mgonjwa ana desturi ya kukalia mnyama. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Kesho yake nikaja na mbuzi yenyewe kutoka kwangu, nikaikalia mbele yao na kifuu cha nazi, na hapo ndipo mazungumzo ya maana yakaanza: urefu wa kiti, magoti, mkono wa kushikia, kama mtu mwingine anaweza kushika kifuu. Wiki ya tatu bibi alikuna nusu nazi. Kwa hiyo wewe uwepo siku hiyo, omba ruhusa kazini, na kabla hawajafika kaa na Mama umwambie kwamba safari hii kusema "siwezi" si kulalamika.

Habari ya udhu uiseme kama ilivyo. Ma-OT wengi hawajui kwamba kuna kunyanyua mguu hadi kwenye sinki mara tano kwa siku. Wanadhani kunawa ni uso na mikono. Muonyeshe. Wana viti vya kuogea, stuli ndefu yenye mteremko wa kuegemea, vyuma vya kushikilia ukutani, sponji la mpini mrefu. Kukaa kwenye kiti na kutia miguu maji kwa kopo juu ya beseni kunaweza kutosha. Kuhusu kupangusa juu ya soksi na kuswali kwenye kiti, muulizeni sheikh wenu, mimi si mwanachuoni, ila msikae kimya mkadhani dini imemfungia mlango.

Sasa milango ya kugonga, na ipo miwili, watu huichanganya. Mmoja ni wa NHS. Timu ya kiharusi ilifunga faili kwa taarifa zisizo sahihi, tena kabla hajaanguka. Muombe GP amrudishe kwao, na aandike mambo matatu: ameanguka, anapuuza upande wa kushoto kama sahani itakavyokuwa imekuonyesha, na mkalimani hakuwepo kwenye tathmini. Mlango wa pili ni kaunsili, idara ya ustawi wa watu wazima. Huko huhitaji barua ya daktari wala ya mtu yeyote. Unapiga simu au unajaza fomu mtandaoni, unaomba tathmini ya mahitaji chini ya Care Act ya 2014, ambayo kwa England ni wajibu wao kuifanya kwa mtu yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, awe na fedha au hana. Foleni ipo, mumeo hajakosea. Ila foleni ina wa mbele na wa nyuma, na anayesema "mama yetu anahitaji chuma cha kushikilia" hukaa nyuma ya anayesema "ameanguka bafuni tarehe fulani, haingii kuoga, anaogeshwa kwa beseni na mkwewe anayefanya kazi usiku". Na hali ikibadilika, piga tena useme imebadilika. Omba pia tathmini yako wewe kama mlezi, ni haki yako kisheria, usione haya. Vifaa, na marekebisho madogo ya hadi £1,000, kwa England kaunsili hutoa bila malipo pale tathmini inapoonyesha vinahitajika. Vyuma vya ukutani na kile kiti cha kuogea vimo humo.

Bafu ndilo jambo kubwa, na hapa nakuomba umzuie fundi. Msiguse hata kigae kimoja. Ipo ruzuku iitwayo Disabled Facilities Grant, ya kubadilisha nyumba ili mwenye ulemavu aweze kuoga, kuingia chooni, kupanda ngazi. England inafika hadi £30,000, Wales £36,000. Scotland haipo, wana utaratibu wao. Ukianza kazi kabla ombi halijaidhinishwa, kwa kawaida hulipwi. Mpangaji naye anaweza kuomba, ila mwenye nyumba lazima aridhie, kwa hiyo barua kwake iandikwe mapema, na kwa kweli kung'oa bafu la mtu bila ruhusa yake ni kesi nyingine mnayojitafutia. OT wa kaunsili ndiye kwa kawaida hueleza ni marekebisho gani yanahitajika na yanamfaa mgonjwa. Fomu kamili ikishapokelewa, kaunsili ina miezi sita tu ya kutoa jibu. Na mwambie mumeo hili, litamtuliza: kwa mtu mzima wanapima kipato cha Mama mwenyewe, na cha mume wake kama yupo. Mshahara wa mwanawe hauhesabiwi. Kama binamu ni fundi mwenye makaratasi, anaweza kutoa bei yake kama mafundi wengine.

Kama subira imewashinda na mna fedha, wapo OT wa binafsi wanaokuja nyumbani kwa malipo. Kabla hujamlipa, tafuta jina lake kwenye rejista ya HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa tiba, mtandaoni. Kwa Uingereza nzima jina la OT linalindwa na sheria. Asiyesajiliwa akijiita hivyo ametenda kosa la jinai.

Hilo la rejista linatuleta kwa wifi yako na soksi zake.

Mwambie kwamba mwanamke wa kwanza aliyesomea kazi hii akaja kuifanya Uingereza, Margaret Barr Fulton, alianza Aberdeen mwaka 1925, na chuo cha kwanza, Dorset House, kilianzishwa Bristol mwaka 1930 na daktari mwanamke, Elizabeth Casson. Leo ni sehemu ya chuo kikuu cha Oxford Brookes. Anayesomea anasoma mifupa, misuli, ubongo, na magonjwa ya akili pia, halafu anafanya mazoezi ya kazi yasiyopungua saa 1,000. Wahitimu wako hospitalini, shuleni, magerezani, kwenye timu za afya ya akili. Hata nyumbani wapo: hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha fani hii. Kuvaa soksi kwa mkono mmoja, mguu ukiwa umekakamaa, na ubongo umeusahau huo mguu, wifi ajaribu siku moja aone kama ni masihara.

Umri wako si kitu. Nimefanya kazi na wanafunzi wa miaka 50, na wagonjwa waliwapenda kuliko hawa watoto. Kinachokuzuia ni Hisabati. Vyuo vingi vinataka Kiingereza na Hisabati za kiwango cha GCSE, mtihani wa sekondari wa huku, daraja la 4 au zaidi, au kinacholingana. Cheti chako cha form four kinaweza kulinganishwa kupitia UK ENIC, wanaolinganisha vyeti vya nje na vya huku, na kila chuo kina uamuzi wake, ila F ni F popote. Bahati nzuri, England mtu mzima asiye na daraja hilo husoma Hisabati bure kwenye vyuo vya mtaani, madarasa ya jioni yapo. Jiandikishe Septemba hii, usingoje mambo ya Mama yaishe. Hayataisha.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: mwaka mmoja wa kozi ya Access, ya kuwaandaa watu wazima kuingia chuo kikuu, kisha unaomba kupitia UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vikuu, shahada ya miaka mitatu. Ada ya England kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni £9,535, na wengi hulipa kwa mkopo wa serikali, ambao una riba. Kuna msaada wa NHS ambao si mkopo na haurudishwi: £5,000 kila mwaka wa masomo kwa wanaosoma England, na £2,000 zaidi kwa mwaka kwa mwenye mtoto chini ya miaka 15. Ni fedha nzuri, lakini ada hazimalizi. Sheria ya 2017 iliiruhusu serikali kuanzisha mkopo wa mfano wa takaful, mfuko wa kusaidiana wa Kiislamu usio na riba, kwa ajili ya watu wenye msimamo kama wako. Mpaka ninaandika haya haujaanza, na vijana wetu wengi wamezeeka wakiusubiri.

Njia ya pili ndiyo ningekusukumia wewe. Ni shahada ileile, mtihani uleule, usajili uleule wa HCPC, lakini unaisoma ukiwa umeajiriwa, kama mwanagenzi. Mwajiri anakulipa mshahara, ada hulipi wewe, mkopo haupo, riba haipo. Ipo England, na mara nyingi huchukua muda zaidi kidogo kuliko shahada ya kawaida. Ugumu wake ni kwamba chuo hakikuchukui bila mwajiri, na nafasi ni chache, waajiri huwapa wale wanaowajua. Wewe tayari umo ndani ya NHS miaka sita. Kwa hiyo unaposoma Hisabati, tafuta kazi ya usaidizi kwenye timu ya tiba, ile tuliyokuwa tunafanya sisi, ya kwenda na OT kwa wagonjwa, kupima urefu wa viti, kufanya mazoezi ya kuvaa na kupika. Mara nyingi ni daraja la 3 la mishahara ya NHS; OT mpya huanza la 5. Ukishakuwa humo muulize meneja waziwazi, mwaka huu mnapeleka nani? Waliokuwa wananyamaza wakisubiri kuonwa, nimewaacha pale pale nilipowakuta.

Kwanza kabisa, wiki hii, muombe yule OT wa wodini kwenu uende naye siku moja ya mapumziko yako, umfuate tu na kuangalia. Mengi ya kazi hii ni simu, fomu na kubishana juu ya lini mgonjwa aruhusiwe, na vifungo vya shati ni vichache kuliko ulivyodhani. Ukirudi jioni bado roho iko huko, ongea na mumeo tena. Na usimwambie habari ya umri. Mweleze ni nani atakayekuwa amemsaidia Mama kutia udhu.

Mpe Mama shikamoo yangu. Siku ya kupimwa iwe asubuhi, asiwe na saumu, na iliki itwangwe usiku wake.

Shangazi